Joseph Goldberger: Daktari Aliyemeza Uchafu wa Wagonjwa Ndio Watu Wajue Shida Ilikuwa Kwa Sahani

Hebu jiweke hapa. Ni Aprili 1916, Marekani. Uko kwa chumba na madaktari wawili. Wa kwanza anatoa damu kwa mgonjwa mwenye amelemewa na ugonjwa ambao unaangusha watu kila mwaka, halafu anamdunga mwenzake nayo. Wakimaliza wanabadilishana, mwenye amedungwa anashika sindano na kumdunga huyo wa kwanza. Bado hawajatosheka. Wanachukua ute wa pua na koo za wagonjwa na kujipaka nao kwa pua na koo zao. Siku chache baadaye wanameza tembe. Ndani ya hizo tembe kuna magamba ya vidonda vya wagonjwa, mkojo na choo, vimekandwa na unga.

Kama ulikuwa unadishi, pole sana.

Hawa watu hawakuwa wamerukwa na akili, na hakuna dau walikuwa wameweka. Mmoja wao alikuwa Joseph Goldberger, daktari wa serikali mwenye umri wa miaka 41, baba ya watoto, na huyo mwenzake alikuwa msaidizi wake George Wheeler. Walikuwa wanajaribu kuambukizwa pelagra kwa nguvu zote. Na walijua, ama tuseme walikuwa wameweka maisha yao kwa hiyo imani, kwamba hawataambukizwa.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Kaa chini nikupe stori. Ukifika mwisho utaangalia ugali yako na macho mengine.

Mtoto wa duka

Joseph alizaliwa tarehe 16 Julai 1874 kwa kijiji kimoja cha milima kinaitwa Giralt, wakati huo kikiwa chini ya himaya ya Austria na Hungary. Siku hizi hapo ni Slovakia. Familia yao walikuwa Wayahudi, wafugaji wa kondoo, na yeye ndiye alikuwa kitinda mimba. Mifugo ilipomalizwa na ugonjwa, wazazi wakaona hakuna maisha hapo. Wakafunga mizigo, wakapanda meli hadi New York miaka ya 1880.

Wakaangukia Lower East Side, mtaa wa wahamiaji, ile ya watu kujazana kwa keja ndogo kama samaki ya mkebe. Fathe akafungua kaduka ka bidhaa za nyumbani. Joseph alikuwa yule kijana unamjua hata kwa mtaa yako, wa kubeba mizigo ya wateja na kitabu kwa mkono ingine.

Akiwa na miaka 16 aliingia chuo kusomea uinjinia. Hiyo ndio ilikuwa mpango. Lakini siku moja akaandamana na watu hadi kwa mhadhara wa udaktari pale Bellevue, na kichwa ikageuka. Akaacha mambo ya madaraja na mashine, akaanza udaktari. Kufikia 1895 alikuwa amemaliza.

Akajaribu kufungua kliniki yake kwa mji mdogo wa Pennsylvania. Ilimboo vibaya sana. Mwaka wa 1899 akaingia idara ya afya ya serikali, kazi yake ya kwanza ikiwa kupima wahamiaji wanaoshuka kwa meli New York. Yaani yule mtoto aliyeshuka hapo akiwa hana kitu, sasa ndiye anapokea wengine.

Msee wa kujitoa

Kutoka hapo walimtuma kila mahali moto ulikuwa unawaka: Mexico, Puerto Rico, Texas, Louisiana. Homa ya manjano ikilipuka, anatumwa. Dengi ikiruka, anatumwa. Na huyu jamaa hakuwa wa kusimama mbali na kuandika ripoti. Alishikwa na homa ya manjano. Alishikwa na dengi. Alishikwa na homa ya chawa, ile inaitwa taifasi, akakaribia kudedi.

Kuna wakati watu walianza kuwashwa ngozi bila sababu kujulikana, wengi wao wakiwa wamelalia magodoro ya majani makavu. Goldberger alifanya nini? Akaweka mkono wake mwenyewe ndani ya hayo majani na kungoja. Ukawasha. Akapekua zile nyasi hadi akapata kadudu kadogo sana kenye kalikuwa kanafanya hiyo kazi.

Mwaka wa 1906 alioa Mary Farrar, mrembo wa familia kubwa ya Kusini mwa Marekani. Shika hii: ukoo wa Mary ulikuwa na undugu na Jefferson Davis, yule kiongozi wa majimbo ya Kusini yaliyopigana vita ndio utumwa uendelee. Sasa huyu Myahudi mtoto wa duka anaingiaje hapo? Pande zote mbili zilikuwa na wasiwasi. Wao wakafunga ndoa tu, wakapata watoto wanne. Muweke Mary kwa akili, juu atarudi kwa hii stori na atashangaza watu.

Pelagra ni nini hasa?

Mwanzo wa karne ya 20, Kusini mwa Marekani kulikuwa na balaa. Inaanza na ngozi. Mahali jua linakupiga, yaani mikono, miguu, shingo, uso, panabadilika rangi na kuwa kama pameungua. Panapasuka, panatoka magamba. Shingoni inaweza kuzunguka kama mkufu. Halafu tumbo inaharibika, unaendesha hadi unaisha. Halafu inapanda kwa kichwa. Mtu anasahau, anaona vitu havipo, anaanza kulia ama kupigana na hewa. Wengi walimalizia kwa hospitali za wagonjwa wa akili. Na wengine wengi wakamalizia kaburini.

Inakadiriwa kwamba kati ya 1906 na 1940, Wamarekani karibu milioni 3 walishikwa na pelagra, na karibu 100,000 wakafa.

Watu waliogopa. Mgonjwa alitengwa, hospitali zingine zilikataa kumlaza. Wataalamu wengi walikuwa wameamua kwamba huo ni ugonjwa wa kuambukiza: kuna kidudu mahali, na kinapenda watu wachafu na maskini. Wengine walisema ni mahindi yaliyooza. Wengine walisema ni damu ya familia, yaani umezaliwa nayo. Ukiangalia vizuri, karibu kila jibu lilikuwa linamlaumu mgonjwa.

Mwaka wa 1914 serikali ikamtuma Goldberger aende akatatue hiyo maneno.

Kitu kimoja tu alichoona

Goldberger alianza bila darubini na bila maabara. Alitembelea jela, makao ya mayatima na hospitali za wagonjwa wa akili, akaketi, akaangalia.

Na akaona kitu chenye kilikuwa mbele ya kila mtu. Wagonjwa walikuwa na pelagra, lakini manesi na wafanyikazi hawakuwa nayo. Hata mmoja. Hawa watu wanaogesha wagonjwa, wanabadilisha shuka, wanapumua hewa moja. Sasa kidudu gani hicho chenye kinajua huyu ni mfungwa na huyu ni askari?

Kwa makao ya mayatima akaona maajabu mengine. Watoto wadogo kabisa walikuwa sawa. Vijana wakubwa walikuwa sawa. Waliougua walikuwa wale wa katikati, miaka 6 hadi 12. Akauliza: hawa wanakula nini? Wadogo walipewa maziwa. Wakubwa, kwa sababu walifanya kazi ya shamba, walipewa nyama. Wa katikati hawakuwa na kazi ya kustahili nyama na hawakuwa wadogo wa kupewa maziwa. Wao walipata uji wa mahindi, mkate wa mahindi, molasi ya miwa na kipande cha mafuta ya nguruwe.

Hiyo ndio ilikuwa sahani ya maskini Kusini yote. Mwenye shamba alitaka pamba ipandwe hadi kwa mlango wa nyumba, hakuna nafasi ya mboga wala ng'ombe. Mkulima anakopa chakula kwa duka ya mwenye shamba, na chenye kiko hapo ni unga wa mahindi, molasi na mafuta. Tumbo inajaa. Mtu analala akiwa ameshiba, na mwili wake unaendelea kufa njaa.

Goldberger akaomba pesa za serikali, akaongeza maziwa, mayai, nyama na maharagwe kwa makao mawili ya mayatima kule Jackson, Mississippi, na kwa wadi za hospitali ya wagonjwa wa akili Milledgeville, Georgia. Hakubadilisha kitu kingine chochote. Hakupiga dawa ya wadudu, hakutenga mtu. Mwaka uliofuata pelagra ilikuwa karibu imeisha hapo.

Wafungwa wa Rankin

Sasa ungefikiri hapo kesi imeisha. Wapi! Madaktari wakamwambia hiyo ni bahati tu, ugonjwa ulienda wenyewe. Basi akaamua kuigeuza: kama chakula kizuri kinaondoa pelagra, chakula kibaya kinaweza kuileta kwa mtu mzima mwenye afya?

Mwaka wa 1915 gavana wa Mississippi, Earl Brewer, alikubali jambo ambalo leo lingemfikisha kortini. Wafungwa 12 wenye afya kwa gereza la shamba la Rankin waliahidiwa msamaha kama wangekubali kula chakula watakachopangiwa kwa miezi kadhaa. Mmoja aliondolewa, wakabaki 11. Walikula mahindi kwa kila namna, wali, viazi vitamu, molasi, majani kidogo. Chakula kilikuwa kingi, na hawakunyimwa. Tena kulikuwa na utani kwamba hao wamebahatika, wanakula bure na watatoka.

Baada ya kama miezi mitano vicheko vilikuwa vimeisha. Walikuwa dhaifu, tumbo zinauma, vichwa vinauma, na ngozi ikaanza kuonyesha. Sita kati ya hao 11 walikuwa na pelagra. Wafungwa wengine wa hapo, wenye walikula chakula cha kawaida cha gereza, hakuna aliyeugua.

Tusipake hii rangi nzuri. Kumwambia mfungwa achague kati ya kukaa ndani na kujiharibu mwili sio hiari ya ukweli, na Goldberger anabeba hiyo lawama hadi leo. Wafungwa walipata uhuru wao walioahidiwa, lakini walikuwa wameulipia.

Zile pati

Na bado hawakuamini! Kuna madaktari walisema hao wafungwa walikuwa na ugonjwa mwingine, wengine wakasema yote ni maigizo. Wale wa kidudu wakashikilia kidudu chao.

Hapo ndio tunarudi kwa kile chumba cha mwanzo. Goldberger akaona njia imebaki moja. Kama ni kidudu, basi nitakila. Yeye na wenzake waliziita pati za uchafu. Walifanya mara kadhaa mwaka huo, sehemu tofauti, watu 16 kwa jumla. Damu, ute, magamba, mkojo, choo. Wengine tumbo zilivurugika, na nani angewalaumu.

Na Mary? Mary aliomba awe ndani. Wanaume wakakataa ameze zile tembe, lakini akasimama pale akadungwa damu ya mwanamke mwenye alikuwa anakufa kwa pelagra. Alikuwa mke wa daktari, mama wa watoto wadogo. Hakuwa na mshahara wa hiyo kazi wala cheti cha kuwekwa kwa ukuta. Alimwamini tu huyo jamaa na hesabu zake.

Wakangoja. Wiki zikapita, miezi ikapita. Hakuna hata mmoja kati ya hao 16 aliyepata pelagra.

Shida ni doh

Sasa angalia vile huyu msee alikuwa ameona mbali. Angeweza kusema kuleni maziwa na nyama, akaenda nyumbani. Badala yake akaungana na mtaalamu wa uchumi, Edgar Sydenstricker, wakaingia kwa vijiji vya wafanyikazi wa viwanda vya nguo South Carolina. Nyumba kwa nyumba, wakaandika nani anaugua, nani anapata ganji ngapi, nani alinunua nini.

Jibu lilikuwa wazi: mapato yakishuka, pelagra inapanda. Na hata kwa vijiji vyenye mishahara inafanana, kile chenye kilikuwa karibu na wakulima wa kuuza maziwa na nyama freshi kilikuwa na afya kuliko chenye kilitegemea duka la kampuni. Wanawake waliugua kuliko wanaume. Unajua sababu? Kipande cha nyama kikipatikana, mama alikipeana. Kwanza mzee wa nyumba juu anaenda kazi, halafu watoto. Yeye akafuta sufuria na mkate wa mahindi.

Hii sehemu iliuma wakubwa kuliko zile tembe. Mwaka wa 1921 bei ya pamba ilikuwa imeanguka, Goldberger akaonya kwamba pelagra italipuka kwa sababu watu wamesota. Rais Harding akaitisha msaada. Wanasiasa wa Kusini wakawaka! Wakaona wanaaibishwa, kwamba wanaitwa maskini wenye njaa, kwamba wawekezaji watatoroka. Wakakataa huruma ya serikali. Wenye walikuwa wanaugua hakuna mtu aliwauliza.

Mbwa, hamira na mafuriko

Goldberger hangeweza kupanga uchumi wa Kusini. Basi akatafuta kitu bei ya chini chenye kinaweza kufanya kazi ya nyama. Mbwa hupata ugonjwa unafanana na pelagra, ulimi unageuka mweusi. Akaanza kuwatumia hao kupima vyakula, kimoja baada ya kingine. Na hapo akaangukia dhahabu: hamira, ile ya kutengeneza pombe. Vijiko vichache kwa siku vilitosha, na bei yake ilikuwa ya kutupa.

Mwaka wa 1927 mto Mississippi ulivunja kingo na kufunika kila kitu. Mamia ya maelfu ya watu wakaachwa kwa kambi, chakula ni kile kile cha mahindi. Goldberger na Sydenstricker wakaenda kuona, wakashauri hamira ipelekwe. Shirika la Msalaba Mwekundu likaigawa kwa tani, na wagonjwa wakapata nafuu.

Kitu kilichokuwa ndani ya hiyo hamira hakukijua. Alikipa jina la kazi tu, kizuia pelagra. Alionyesha kwamba ile inayoitwa vitamini B sio kitu kimoja. Ukipika hamira kwa moto mkali sana, ile sehemu ya kuzuia ugonjwa wa beriberi inakufa, lakini ya kuzuia pelagra inabaki. Kwa hivyo ziko zaidi ya moja. Alikuwa anapapasa kwa giza na mkono wake ulikuwa umefika kwa mlango.

Hakufungua. Mwaka wa 1928 akaanza kuishiwa nguvu. Ilikuwa saratani ya figo. Tarehe 17 Januari 1929 akafariki Washington akiwa na miaka 54. Mwili ulichomwa, majivu yakamwagwa kwa mto Potomac. Mwaka huo huo Tuzo ya Nobel ya tiba ikaenda kwa utafiti wa vitamini. Ilichukuliwa na watu wengine wawili.

Miaka nane baadaye, 1937, Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akawapa mbwa wenye ulimi mweusi asidi ya nikotini, wakapona haraka. Ndio hiyo! Na cheki vile maisha ni ya kejeli: hiyo asidi ilikuwa imejulikana tangu karne ya 19. Imekuwa ikikaa kwa chupa za maabara miaka hiyo yote watu wakifa. Baadaye ikapewa jina niasini, ndio watu wasifikirie inatoka kwa fegi. Na kama ulikuwa umeanza kujitetea, hapana, kuvuta sigara hakukupi niasini. Siku hizi tunaijua pia kama vitamini B3.

Sasa inafanya nini ndani yako?

Chakula unachokula hakitumiki vile kilivyo. Lazima seli zako zikichome polepole ndio zitoe nguvu, na kuchoma kunamaanisha kutoa elektroni kutoka kwa sukari, mafuta na protini, na kuzipeleka mahali zinatumika, kwa ile sehemu ya seli inaitwa mitokondria. Elektroni haziendi na miguu. Zinabebwa. Boda yao inaitwa NAD, na NAD hutengenezwa kutoka kwa niasini. Inabeba, inashusha, inarudi stegi kubeba wengine. Enzaimu zaidi ya 400 mwilini zinaitegemea.

Bila niasini boda zinapungua. Abiria wamejaa stegi, chakula kiko ndani yako, lakini nguvu haitoki. Wa kuumia kwanza ni nani? Ni viungo vyenye havipumziki. Utando wa utumbo unajitengeneza upya kila siku chache. Ngozi inajibadilisha, tena NAD inahitajika kurekebisha DNA ikiharibiwa na jua. Ubongo peke yake unakula karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili. Utumbo, ngozi, ubongo. Umeona? Ni ile pelagra yote, imeelezwa na kitu kimoja.

Na B3 ina ndugu saba kwa hiyo familia. B1 inafungua geti ndio sukari iingie kwa tanuri ya seli. B2 inatengeneza boda ingine inaitwa FAD. B5 inatengeneza koenzaimu A, ile inapokea vipande vya chakula na kuviingiza kwa mzunguko wa nguvu. B6 inashughulikia amino asidi, matofali ya protini. B7 inasaidia kujenga mafuta na sukari mpya. B9, yaani folati, na B12 zinasaidia kutengeneza DNA na damu, na B12 inalinda neva. Nyingi hazikai mwilini muda mrefu kwa sababu zinayeyuka kwa maji na kutoka na mkojo. B12 ndio inajiwekea akiba kwa ini miaka kadhaa. Zingine unahitaji kuziongeza mara kwa mara.

Halafu zinasaidiana. Mwili unaweza kujitengenezea niasini kutoka kwa amino asidi inaitwa triptofani: miligramu 60 za triptofani zinatoa kama miligramu 1 ya niasini, na hiyo kazi inahitaji B2 na B6. Ndio maana maziwa na mayai yaliponya mayatima, ingawa niasini yenyewe ndani yake ni kidogo. Triptofani iko.

Mahindi yanapigwa mara mbili hapo. Triptofani yake ni kidogo, na niasini yake imefungwa kwa njia utumbo hauwezi kuifungua. Watu wa Mexico, wenye walilima mahindi kabla ya mtu mwingine yeyote, walikuwa wanayachemsha na chokaa ama majivu, na hiyo inaifungua. Mahindi yalipovuka bahari kuenda Ulaya na Afrika, huo ujuzi haukupanda meli.

Na sisi je?

Usiseme hiyo ni ya kitambo. Mwaka wa 1990 kambi za wakimbizi wa Msumbiji kule Malawi zilirekodi kesi zaidi ya 17,000 za pelagra. Posho yao ilikuwa mahindi, na njugu karanga zilizokuwa zikiwaletea niasini zilikuwa zimekatika.

Sisi nasi ni watu wa ugali. Lakini cheki akili ya shosho zetu. Githeri ni mahindi na maharagwe kwa sufuria moja, na ile maharagwe inaleta triptofani yenye mahindi yamekosa. Ulikuwa unailalamikia shule, kumbe ilikuwa inakulinda.

Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti na wa ngano uongezwe vitamini na madini, niasini ikiwa ndani. Marekani walianza hivyo kwa mkate na unga miaka ya 1940 na pelagra ikapotea karibu yote. Lakini unga wa gorogoro wenye umesagwa kwa kisiagi cha mtaa haupitii hapo. Kwa hivyo kama ndio unatumia, na wengi wetu ndio tunaweza, mboga ya kando ndio inabeba kila kitu. Omena. Madondo. Ndengu. Mayai. Maziwa kwa uji. Njugu za mbao. Hakuna hapo kitu cha matajiri.

Na wewe mwenye wikendi inaanza Alhamisi na chupa, na chakula ni smokie moja usiku, sikia: kunywa sana bila kula ni njia moja pelagra na ukosefu wa B1 bado zinaingilia watu leo. Usikimbilie pia kumeza tembe kubwa za vitamini ati unajilinda. Niasini nyingi sana inaumiza ini, na B6 nyingi sana inaharibu neva. Ukiona dalili, daktari aangalie.

Goldberger alishakufa karibu miaka mia moja. Hakuwahi kuona hiyo molekuli, hakuwahi kupewa ile tuzo. Lakini alikataa kuambiwa kwamba maskini wanaugua kwa sababu ni wachafu. Alimeza huo uchafu na akabaki mzima, ndio asiwepo mtu wa kusema hivyo tena.

Sasa leo jioni ukisonga ugali, kabla ukae chini, angalia kando yake kuna nini. Na kama ni mathe anapika, angalia pia sahani yake. Usikubali afute sufuria.